Nati ya Nne

Nati tatu zilishakaa. Ya nne ilisimama njiani.

Ilikuwa mwezi Juni, Pangani, juu ya paa la ghala moja karibu na mdomo wa mto. Kusi ilikuwa ikivuma tangu alasiri, na bomba la inchi mbili tulilolisimamisha lilikuwa likitetemeka. Mimi nilikuwa kwenye ngazi na mashine ya betri. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa upande wa pili, ameikumbatia antena isizunguke. Ilikuwa antena ya VHF, ya kuzungumza na boti. Bolti mbili za U, nati nne, zote stenlesi, kile chuma kisichoshika kutu upesi, zote mpya, zimetoka kwenye mfuko wa dukani asubuhi ileile.

Chini, mwenye ghala alikuwa ameshauliza mara mbili kama redio itakuwa hewani kabla ya magharibi. Boti zake mbili zilikuwa bado nje, na zikipatwa na jambo zitaita kwenye chaneli 16.

Nati ya nne ilipanda vizuri, mizunguko kama kumi. Kisha ikapiga ukelele mfupi, mkali, ikaganda. Mashine ikanguruma bila kuzungusha kitu. Nikachukua spana namba 13: haiendi mbele. Nikaigeuza: hairudi nyuma. Kati yake na kibano palikuwa bado na nafasi ya kupitisha kidole. Nilipoigusa niliondoa mkono upesi. Ilikuwa ya moto.

Mpya. Haina kutu hata chembe. Imekaa kwenye bolti ile sekunde chache tu, na tayari haitaki kuachana nayo.

Hapo ndipo nikasema neno ambalo limenikaa kifuani tangu siku ile. Nati mbili za juu nilikuwa nimezianzisha mimi kwa vidole, mbili za chini alizianzisha kijana. Nikamgeukia: "Umeianzisha upande hii, haikukaa wima. Nimekwambia mara ngapi uisikilize kwanza?"

"Samahani, fundi," akasema.

Hakuongeza neno. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote mpaka bolti ikakatika. Mahali pake nikafunga bolti ya U ya zamani, ya chuma cha kawaida kilichochovywa kwenye zinki, iliyokuwa kwenye begi langu. Redio ikaita, boti ikajibu. Tukashuka gizani.

Kile kipande kilichokatika, na nati yake, nilikitia mfukoni.

## Ahadi niliyokuwa nikiiuza

Anayeishi pwani hana haja ya kuelezwa chumvi inavyokula chuma, kwa hiyo hapo nitapita haraka.

Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata, mapaa ya Tanga yalijaa antena za UHF, za televisheni ya dijitali. Nyingi nilizifunga mimi, na nilizifunga kwa bolti nyeupe zinazong'aa dukani. Ule weupe ni zinki iliyopakwa kwa umeme, na unene wake ni mikroni chache tu. Misimu miwili ya kusi ikipita, kila bolti inaanza kulia machozi ya kahawia ukutani. Zilizochovywa kwenye zinki ya moto zina tabaka nene zaidi mara kadhaa, lakini kwa bolti ndogo za antena si rahisi kuzikuta.

Ndipo nikahamia stenlesi. Nilimwambia kila mteja maneno yaleyale: "Hii ukishafunga, umeisahau." Kwa maneno hayo nilimwongezea bei, naye akalipa, kwa sababu alikuwa ameyaona yale machozi ya kahawia kwa macho yake.

Nimeisema sentensi hiyo kwenye vibaraza vingi sana. Baada ya Pangani, kila nilipotaka kuisema ilinikwama.

## Meno matatu

Kile kipande kilikaa kwenye dirisha la chumba changu wiki nzima. Nilikuwa nakitazama asubuhi nikinywa chai.

Siku ya nane nilikipeleka kwenye mwanga mzuri nikakikagua kama nilivyopaswa kukikagua siku ya kwanza. Nati ilipoganda ilikuwa imepanda kiasi cha kuacha ncha ya bolti ikichungulia upande wa juu, meno matatu hivi ya uzi, ile mikato inayoizunguka bolti. Meno hayo matatu yalikuwa yamepita ndani ya nati yote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Na yalikuwa mazima.

Fundi yeyote ameshaona nati iliyoanzishwa upande. Inaharibu mwanzo. Jino la kwanza linapondeka, la pili linakatwa, na nati inakaa imeinama kama kofia. Hapa mwanzo ulikuwa safi na nati imekaa wima. Nikaibana kwenye jiriwa, nikaipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma, nati na bolti pamoja. Nilitegemea nusu ya nati idondoke. Haikudondoka. Katikati, kwa urefu wa meno manne au matano, hapakuwa na mstari wowote unaoonyesha nati inaishia wapi na bolti inaanzia wapi. Vyuma viwili vilikuwa vimekuwa kimoja.

Nilikaa kitako pale pale barazani.

Kijana alikuwa ameianzisha sawasawa. Kosa lilitokea katikati ya safari, na katikati ya safari mwenye mashine alikuwa mimi.

## Ngozi

Niliyoyajua kuhusu stenlesi yalikuwa kweli, ila hayakuwa kamili. Ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, asilimia 10.5 au zaidi, na hizi bolti za kawaida zinazoandikwa A2 zina kama asilimia 18. Kromiamu hiyo inakutana na hewa na kutengeneza ngozi nyembamba ajabu, nanomita chache tu, isiyoonekana kwa jicho. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe papo hapo. Ndiyo siri yake yote dhidi ya kutu.

Sikuwahi kujiuliza ngozi hiyo inafanya nini mahali pasipo na hewa.

Ndani ya nati, jino la nati linalisugua jino la bolti kwa mgandamizo mkubwa. Ngozi ya huku inachubuka, ya kule inachubuka. Ingekuwa nje ingejirudisha, lakini pale katikati hewa haina njia. Chuma kitupu kinakutana na chuma kitupu, cha aina ileile, laini kiasi cha kunyumbuka, na vinashikana. Sehemu iliyoshikana inang'oka, inabingirika, inakuwa kidonda kinachokwaruza jino la mbele. Ukiongeza nguvu unaongeza kushikana. Kutu haihusiki kabisa. Bolti hizi hushikana zikiwa safi, na kadiri zilivyo kavu ndivyo zinavyoshikana upesi.

Kuna na jambo la joto. Stenlesi hii hupitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Mashine ya betri inaisokota nati mbio, msuguano unazaa joto, na joto halina pa kukimbilia, linabaki kwenye meno. Ule moto nilioushika Pangani haukutoka kwenye jua.

Nilipolijua hilo niliipitia ile jioni upya, hatua kwa hatua, na kila hatua ilinirudia mimi.

Mashine niliitumia kwa sababu ya haraka. Nati nilizochagua zilikuwa zile zenye pete ya nailoni ndani, kwa hofu ya upepo. Pete hiyo inaibana bolti mara tu uzi unapoifikia, kwa hiyo nati inasuguana njia yote iliyobaki hata kabla haijagusa kibano, na ndiyo maana iliweza kuganda hewani, haijakaza kitu. Bolti ya U yenyewe ilikuwa finyu kidogo. Bomba linaloitwa la inchi mbili lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 60, kwa kuwa jina linafuata tundu la ndani. Nilikuwa nimezigonga bolti zile kwa nyundo zikaingia, miguu yake ikapanuka, na kila mguu ukawa unaivuta nati pembeni. Na kabla ya hapo, nati moja ilikuwa imeniponyoka mkononi, ikaanguka juu ya bati. Niliiokota, nikaipuliza, nikampa kijana. Juu ya mapaa ya Pangani kuna mchanga na chumvi. Inawezekana punje moja ilibaki.

Nati hiyo nilimpa mimi mwenyewe.

## Nilidhani dawa ni pesa

Wazo langu la kwanza lilikuwa kununua bora zaidi. Kuna A2 na kuna A4. A4 ina molibdeni ya asilimia mbili au tatu, na mbele ya chumvi inaipita A2 kwa mbali. A2 karibu na bahari hupata madoa ya rangi ya chai ndani ya muda mfupi. Nikasema basi, tangu leo ni A4 tu, na mteja aongeze.

Nikanunua mfuko mmoja, nikabana bolti kwenye jiriwa, nikafanya makusudi yale niliyoyafanya Pangani: kavu, nati ya nailoni, mashine mbio. Ya pili tu iliganda. Ukelele uleule.

Molibdeni inaisaidia ile ngozi kustahimili chumvi. Dhidi ya msuguano haina la kufanya. Nilikuwa karibu kuwauzia watu ahadi ileile kwa bei kubwa zaidi.

Jioni tatu zilizofuata zilipita barazani na jiriwa. Sikuwa na maabara, na idadi yangu ni ndogo, kwa hiyo nitasema nilichokiona tu. Kavu na mashine: niliharibu bolti kadhaa. Kavu na mkono, polepole, nati ya kawaida isiyo na nailoni: hakuna iliyoganda, ingawa moja ilianza kukwaruza nikaihisi kwenye spana kabla haijafika pabaya. Niliposimama, nikaiacha ipoe, nikatia mafuta, nikairudisha robo mzunguko na kuisogeza tena, ilitoka. Zilizopakwa grisi na kukazwa kwa mkono zilikwenda kimya kabisa.

Kimya hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa. Mashine inakunyima taarifa. Ile dalili ya kwanza, ule ugumu mdogo unaokuja kabla ya ukelele, spana inakuletea kiganjani na mashine inaupita kwa sekunde.

Grisi yenyewe ilinichukua muda. Ipo iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa, nzito, yenye unga laini wa nikeli ambao unabaki kati ya meno hata mafuta yakikauka. Ipo pia yenye unga wa shaba, na hiyo naiogopa kwenye antena, kwa kuwa shaba ikikutana na alumini na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyohiyo sipaki risasi ya penseli, ambayo mafundi wengi wanaipenda. Ile ni grafaiti, na grafaiti ni adui mkubwa wa alumini mahali penye chumvi. Nilipokuwa nasubiri niletewe ya nikeli kutoka Dar es Salaam, nilitumia grisi nyeusi inayowekwa kwenye jointi za magurudumu ya mbele ya magari. Ile nyeusi ni unga wa molibdeni ulioungana na salfa, na duka lolote la spea linayo.

## Kama muwa

Nilifikiri nimemaliza. Nikapaka grisi, nikachukua bomba la alumini la antena ya zamani ya UHF, nikalifunga kwa bolti ya U, nikakaza kama nilivyokaza miaka yote.

Bomba likapondeka kama muwa kwenye kinu.

Hili lilinishtua kuliko lile la kwanza, kwa sababu mkono wangu nilikuwa nauamini. Miaka yote mkono umenifundisha: ukifika ugumu fulani, acha. Sasa ugumu ule haukufika, nikaendelea kuutafuta, na alumini ikalipa.

Hesabu yake ni hii. Nguvu unayoitia kwenye spana, karibu asilimia 90 inakwenda kupigana na msuguano, sehemu chini ya uso wa nati na sehemu kwenye uzi. Asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti na kubana kitu. Ukipaka grisi unaupunguza ule msuguano, na nguvu iliyookolewa haipotei, inaingia kwenye kuvuta. Mkono uleule, spana ileile, lakini bolti inabana zaidi sana. Kwa hiyo ukipaka lazima upunguze mkono, kwa robo hivi au hata theluthi.

Sina spana ya kupima nguvu, na mafundi wengi wa mapaa hawana. Nilitafuta kipimo ambacho kijana anaweza kukibeba kichwani. Bolti ya milimita 8 ya stenlesi yenye alama A2-70, ikiwa na grisi, inatosheka na nyutoni mita 15 hivi, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Spana fupi ya sentimita 15 ukiibana ilale, ukatundika ndoo yenye lita 10 za maji kwenye ncha yake, nguvu inayoishusha ni karibu hiyohiyo. Tukafanya hivyo. Nilitundika ndoo barazani, tukaitazama spana ikishuka mpaka ikasimama, kisha kila mmoja wetu akaitafuta nguvu ile kwa mkono wake, mara nyingi, mpaka mkono ukaijua. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Na pale inapobana bomba jembamba la alumini hata hiyo ni nyingi mno, na karatasi ya mtengenezaji wa antena, ikiwepo, ndiyo ifuatwe.

Kijana alikuwa na furaha siku ile ya ndoo. Mimi nilikuwa bado sijamwambia habari ya yale meno matatu.

## Mzee akakataa

Kuna mzee mmoja wa kazi hii, amepanda minara kabla mimi sijajua kushika koleo. Nilimpelekea vipande vyangu nikitegemea asifu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo takataka umezitoa wapi?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavigeuzageuza vile vipande, kisha akasema: "Sasa ukipaka mafuta, kusi si itakufungulia?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru kwamba sikujifanya ninalo. Swali ni la haki. Antena haitulii, inatikiswa usiku na mchana, na mtikisiko ndio unaofungua nati. Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye nati za nailoni.

Nilirudi nyumbani nikalitafakari siku kadhaa. Nilichofikia ni kwamba nati haishikiliwi na ukavu wake. Inashikiliwa na bolti iliyovutika kama mpira na inayotaka kujirudisha, na nati kavu ya stenlesi ndiyo inayokudanganya hapo: unakaza mpaka mkono unauma, kumbe ugumu wote ni msuguano na bolti haijavutika. Hiyo ndiyo inayolegea. Hata hivyo msuguano nao unasaidia kuzuia nati isirudi, na grisi inapunguza msuguano, kwa hiyo mzee hakukosea. Sasa natumia nati mbili za kawaida kila mguu, ya pili ikiifunga ya kwanza, na narudi kuzikagua baada ya wiki chache za upepo. Safari hiyo ya pili nimeiingiza kwenye bei.

Nilipomrudia mzee na maelezo hayo alitikisa kichwa. "Tutaona Agosti," akasema.

## Unga mweupe

Nataka kutenganisha mambo mawili ambayo mafundi tunayaita jina moja. Bolti ikigoma tunasema imekamata, basi. Lakini skrubu ya stenlesi iliyoingia kwenye alumini inakamata kwa namna nyingine kabisa. Haigandi siku ya kufunga. Inangoja.

Chumvi na umande vinaingia katikati, alumini inaliwa kidogo kidogo na kuacha unga mweupe kama chokaa, na unga ule unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Unajaza meno, unasukuma, unabana. Ukija baada ya miaka mitatu kufungua, kichwa cha skrubu kinakatika mkononi. Hapo grisi kazi yake ni kuziba, maji yasipate njia, na ni heri ipakwe nyingi kuliko kidogo. Mabaharia wengi wanatumia mafuta ya sufu ya kondoo kwa kazi hiyo kwa kuwa maji hayayaondoi kwa urahisi.

Kiungo kilicholiwa hivyo kinaweza pia kuharibu mawimbi yenyewe, kwa sababu tabaka la kutu kati ya vyuma viwili hutenda kama diodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na kuchanganya mawimbi yasiyopaswa kuchanganyika. Nimeshawahi kubadilisha kebo na redio, nikihangaika, kumbe ugonjwa uko kwenye bolti.

## Kurudi

Agosti tulirudi Pangani. Nilikuwa na bolti mbili mpya za U zenye upana sahihi, nati za kawaida, kopo dogo la grisi ya nikeli, na mswaki. Mswaki ni wa kusafishia uzi na kupakia. Brashi ya waya siitumii kwenye stenlesi, maana ile ya chuma cha kawaida huacha chembe zake, na chembe hizo hushika kutu.

Tulipanda asubuhi, mapema, na mwenye ghala alikuwa ameambiwa siku mbili kabla kwamba redio itazimwa kwa saa mbili. Hakuna boti yake iliyotoka.

Zile nati mbili za juu zilikuwa bado pale, kavu, kama nilivyozifunga kwa mashine. Hizo ndizo nilizozianzisha kwa vidole vyangu mwenyewe. Nilimpa kijana spana.

Ya kwanza ilifunguka ikipiga kelele njia nzima. Ya pili ilisogea nusu mzunguko, ikalia, ikasimama. Alinitazama. Nikamwambia aendelee. Akachomeka kipande cha bomba kwenye spana, akaegemea, na bolti ikakatika kama ile ya Juni.

Tukakaa juu ya bati, kile kipande kikiwa kati yetu. Nikakitoa na kile cha kwanza mfukoni, nilichokipasua, nikamwonyesha yale meno matatu mazima kwenye ncha.

"Siku ile hukuianzisha upande," nikasema. "Ilikuwa mashine, na mashine nilikuwa nayo mimi. Nilikukosea. Nisamehe."

Alikishika kile kipande, akakigeuza kwenye jua.

"Nilijua, fundi," akasema. "Ilikuwa inakwenda vizuri kwenye vidole. Niliisikia."

Sikuwa na la kumjibu. Miezi miwili alikuwa nalo na hakulisema, na mimi nilikuwa nikimfundisha kusikiliza.

Alichukua mswaki, akachovya kwenye kopo, akaanza kupaka mguu wa kwanza wa bolti, jino kwa jino mpaka chini, akapaka na uso wa wosha. Akaiweka nati, akairudisha nyuma kidogo mpaka ikabofya mahali pake, ndipo akaanza kuizungusha. Mimi nilishikilia antena. Upepo ulikuwa umeanza kuamka juu ya mto na kivuko cha Bweni kilikuwa kinavuka.

Nati ya nne ilifika kwenye kibano kwa vidole vyake viwili, bila sauti yoyote. Akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa spana namba 13.